Simu Inatosha, au Ninunue Kamera? Barua za Wasomaji na Majibu

Barua za mwezi huu zimefanana sana. Wengi mnauliza kama wakati wa kununua kamera umefika, na wengine mmekwishanunua na sasa mnashangaa mbona picha ni zilezile. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za watu. Natembea na vyote viwili, kamera begani na simu mfukoni, kwa hiyo sina upande wa kutetea. Msimamo wangu ni huu: usinunue kamera kwa kuwa tu picha zako hazikupendezi. Inunue siku utakapoweza kunitajia picha fulani ambayo simu yako imeikataa, na ukanieleza kwa nini imeikataa. Tuzisome barua.

Mwalimu, shikamoo. Simu yangu ina megapikseli 108. Rafiki yangu ana kamera ya miaka mingi, megapikseli 24 tu, lakini picha zake tukiziweka kando ya zangu, zangu zinaonekana zimepauka. Namba kubwa inashindwaje na ndogo? Au nimeuziwa simu feki?
*Mwenye Simu Mpya*

Marahaba. Simu yako huenda haina tatizo lolote. Namba uliyoandikiwa kwenye boksi inahesabu vitone vya picha, basi. Haisemi vitone hivyo vimepata mwanga kiasi gani, na picha hutengenezwa kwa mwanga.

Ndani ya kamera, na ndani ya simu pia, kuna kibamba kinachopokea mwanga, mafundi hukiita sensa. Kwenye kamera ya fremu kamili sensa ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, kipimo kilichorithiwa kutoka filamu ya milimita 35 iliyopata umaarufu baada ya kamera ya Leica kuingia sokoni mwaka 1925. Ni ukubwa wa stempu ya barua. Kwenye simu nyingi nzuri sensa kuu haizidi milimita 10 kwa 8. Piga hesabu mwenyewe: milimita za mraba 864 dhidi ya 80. Hata zile simu chache zinazosifiwa kwa sensa ya inchi moja, kipimo chake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8, na fremu kamili bado inaizidi zaidi ya mara saba. Kama kamera ya rafiki yako ni ya sensa ndogo zaidi, zile za milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, bado ameizidi simu ya kawaida zaidi ya mara nne.

Halafu kuna tundu la lenzi. Utaona simu imeandikwa f/1.8, na lenzi ya kamera ya milimita 50 nayo imeandikwa f/1.8, ukadhani zimelingana. Namba hiyo ni urefu wa fokasi (kwa lenzi hiyo ya kamera, zile milimita 50) uliogawanywa kwa upana wa tundu. Gawanya 50 kwa 1.8, unapata tundu la karibu milimita 28. Lenzi ya simu urefu wake halisi ni milimita 6 au 7, kwa hiyo tundu lake halifiki hata milimita 4. Mwanga unaopita kwenye milango hiyo miwili hauwezi kulingana.

Na hizo 108? Simu nyingi za aina hiyo huunganisha pikseli tisa kuwa moja ili zipate mwanga wa kutosha, na faili unalopata kwa kawaida ni la megapikseli 12. Usisikitike. Megapikseli 12 ni vitone 4000 kwa 3000, na ukisafisha picha hiyo kwa ubora wa vitone 300 kwa inchi, unapata karatasi ya sentimita 34 kwa 25. Ni kubwa kuliko albamu nyingi.

Sasa niseme la upande wa pili, maana simu nayo ina akili ambayo kamera nyingi hazina. Ukibonyeza mara moja, simu haipigi picha moja. Inapiga kadhaa kwa mfululizo, inazipanga moja juu ya nyingine na kuzichanganya. Zile chenga unazoziona kwenye picha za gizani hutokea ovyo ovyo, kila picha na za kwake, kwa hiyo ukichanganya picha 4 chenga hupungua kwa nusu, ukichanganya 16 zinabaki robo. Google waliitia mbinu hiyo kwenye simu ya Nexus 5 mwaka 2013, na mwaka 2018 wakaileta kwa nguvu zaidi kama modi ya usiku. Leo karibu watengenezaji wote wakubwa wanafanya hivyo. Ndiyo sababu simu ikipiga jengo au mandhari yaliyotulia jioni, inaweza kutoa picha safi kuliko kamera iliyoshikwa kwa mkono na mtu asiyeizoea. Neno la kushika hapo ni *yaliyotulia*. Tutalirudia kwenye barua nyingine.

Kwa hiyo rafiki yako anakuzidi kwa mwanga na kwa lenzi, ingawa naamini anakuzidi pia kwa jinsi anavyochagua pa kusimama. Muombe mtoke pamoja, mpige kitu kilekile saa ileile, kila mtu na chake. Utaona lipi ni la kifaa na lipi ni la mtu.

Mwalimu, nina watoto mapacha, weusi wazuri kabisa. Nikiwapiga picha ndani, dirisha linang'aa nyuma yao na wao wanabaki kivuli. Nikiwasha flashi, wanang'aa mafuta usoni na nyuma panakuwa giza. Mume wangu anasema tununue kamera. Itasaidia?
*Mama Mapacha*

Mama Mapacha, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu jambo hili linanigusa. Nimeona albamu nyingi mno ambazo ndani yake watu weusi hawana macho wala mashavu, wana meno na mavazi tu. Si kosa la ngozi zetu. Ni kosa la kipimo.

Kifaa chochote cha picha, cha bei kubwa au ndogo, hakijui kinatazama nini. Kinapima mwanga wa eneo lote na kujaribu kuuleta kwenye wastani wa kijivu. Dirisha likiwa kubwa na jeupe, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, na nyuso zinazama. Kinyume chake pia hutokea: mtu mweusi aliyevaa nguo nyeusi mbele ya ukuta mweusi, kifaa kinadhani hapana mwanga, kinaongeza, na ngozi inaungua na kuwa ya kijivujivu isiyo yake. Simu za siku hizi hutafuta sura ya mtu na kuipa uzito, lakini dirisha lenye jua kali bado huzishinda mara nyingi.

Kuna historia hapa pia. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imepita mtihani. Ngozi nyingine zilitoka zitakavyotoka. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kutengenezwa baadaye sana, na mwaka 2021 Google walitangaza simu ya Pixel 6 wakieleza kwamba kamera yake imerekebishwa mahususi ili ionyeshe ngozi nyeusi kwa haki. Hatua nzuri, lakini usisubiri kununua simu nyingine. Fanya hivi leo.

Kwanza wageuze. Dirisha likae mbele yao au ubavuni, wewe simama upande wa dirisha au ukiliweka mkono wa kushoto. Wasogeze karibu nalo, hatua moja au mbili, kwa sababu mwanga hufifia upesi kadiri mtu anavyokwenda mbali nao. Mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni ndio ninaoupenda kuliko wote kwa ngozi nyeusi: unachora shavu, unachora paji la uso, unaonyesha kwamba weusi una rangi ndani yake, kahawia, nyekundu, buluu, dhahabu. Jua likiingia moja kwa moja na kuchoma, tandika pazia jepesi jeupe.

Pili, gusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kisukume juu au chini kwa kidole mpaka uone ngozi unayoijua wewe mama yao. Usitazame ukuta, usitazame dirisha. Tazama ngozi. Kama dirisha lililo nyuma litaungua, liache liungue, hukuja kupiga picha ya dirisha.

Usiipige picha ikiwa giza ukitumaini kuipandisha baadaye kwenye programu ya kuhariri. Sehemu za giza ndiko chenga zinakolala, na ukizipandisha zinaamka zote.

Tatu, zima flashi, na uzime kabisa kile kirembeshi, yaani kichujio cha kulainisha sura, kinachojiwasha chenyewe kwenye baadhi ya simu. Flashi ya simu ni kitaa kidogo kilicho ubavu kwa ubavu na lenzi. Mwanga wake hugonga ngozi na kurudi moja kwa moja ulikotoka, ndio huo mng'ao wa mafuta unaousema. Na umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inabaki robo, ndiyo maana watoto wanang'aa na ukuta wa nyuma unapotea. Kirembeshi nacho kinafuta vinyweleo na kuwapausha watoto wako. Hawahitaji kupaushwa.

Kamera? Itapima vibaya vilevile ukiiacha ijiamulie. Ina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, na ukikipandisha hadi +1 unapata mwanga mara mbili. Ni kazi ileile ya kidole chako kwenye kioo. Kamera nzuri itakupa nafasi kubwa zaidi ya kuokoa dirisha na uso kwa pamoja, hasa ukihifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaipika (RAW). Lakini tatizo uliloniandikia linatibika kwa kuwageuza watoto. Mwambie baba yao asubiri.

Habari za kazi. Picha zangu kwenye simu ni safi, lakini nikiwatumia ndugu kwa WhatsApp wanasema zina ukungu. Simu yangu ni mbovu?
*Msomaji wa Siku Zote*

Simu ni nzima. Ukituma picha kwa njia ya kawaida inapunguzwa ukubwa ili ipite upesi. Itume kama hati badala ya picha, nayo itafika kama ilivyo. Na kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa laini, maana simu inashinda mkononi na mfukoni, na alama ya kidole kwenye lenzi huifanya kila taa itoe mionzi ya ukungu.

Mwalimu, binti yangu anacheza mpira wa kikapu kwenye ukumbi wa ndani. Nakaa jukwaani na simu. Nikivuta kwa vidole anaonekana kama amechorwa kwa rangi za maji, na nisipovuta ni nukta. Zaidi ya hapo mikono imecheza. Nimejaribu modi ya usiku, ndiyo imeharibu kabisa.
*Baba wa Mchezaji*

Baba, wewe umenitajia picha ambayo simu imeikataa, na umeniambia sababu zake bila kujua. Nakuunga mkono, anza kuweka akiba ya kamera.

Modi ya usiku inachanganya picha nyingi za mfululizo, na inafaa kwa kitu kilichotulia. Binti yako hatulii. Ili umgandishe mchezaji anayeruka unahitaji shata, yaani mlango unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ya sehemu 1 ya 500 ya sekunde au kasi zaidi, na kwa muda mfupi hivyo, tundu la milimita 4 halipitishi mwanga wa kutosha ndani ya ukumbi. Simu inajaza pengo kwa kukisia, na hayo makisio ndiyo rangi za maji unazoziona. Kuvuta kwa vidole nako, ukishapita lenzi halisi zilizomo kwenye simu, ni kukata tu: ukivuta mara mbili umebakiza robo ya vitone.

Lakini hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha, kwa hiyo nisikilize. Kamera nyingi za kuanzia huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55, iliyoandikwa f/3.5–5.6. Ukiivuta hadi mwisho tundu linabana mpaka f/5.6. Ukiingia nayo ukumbini utapata picha zilizocheza kama za simu, utasema Mwalimu amenidanganya. Watengenezaji wakubwa karibu wote wana lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, nayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi zao za bei nafuu kabisa. Tofauti ya mwanga kati ya f/5.6 na f/1.8 ni karibu mara kumi. Mara kumi! Ukipata ile ya milimita 85 ya f/1.8 utamfikia mchezaji wa mbali zaidi. Kamera ya zamani yenye lenzi hiyo itaishinda kamera mpya yenye ile lenzi inayouzwa nayo kwenye boksi, katika ukumbi huo, kila siku.

Kamera pia inakupa kitu ambacho hakiandikwi kwenye matangazo kwa herufi kubwa: unatazama kwenye kitundu, jicho lako liko pale pale mchezo ulipo, kidole kiko tayari, na fokasi inamfuata mtu anapokimbia.

Wakati akiba inakua, shuka jukwaani. Omba ruhusa ukae chini, nyuma ya mstari, karibu na goli. Tumia lenzi kuu ya simu bila kuvuta. Anayeruka akifika kileleni, kwa nukta ndogo ya muda haendi juu wala chini. Bonyeza mfululizo kuanzia kabla hajafika hapo. Utapata moja.

Mwanangu, hujambo. Mimi ni bibi wa wajukuu wengi. Wananipiga selfi na pua yangu inakuwa kubwa, masikio yamepotea. Kioo cha nyumbani hakinionyeshi hivyo. Wananiambia ni uzee.
*Bibi wa Wajukuu*

Shikamoo bibi. Si uzee, ni umbali, na wajukuu wako nitawaeleza kwa hesabu.

Mkono ulionyooshwa nusu unaweka simu kama sentimita 30 kutoka puani. Masikio yako nyuma zaidi, tuseme sentimita 12, yaani yako sentimita 42 kutoka kwenye lenzi. Pua iko karibu zaidi, kwa hiyo inachorwa kubwa mara 1.4 kulingana na masikio. Mjukuu akisimama sentimita 150 mbali, pua ni 150 na masikio 162, tofauti inashuka hadi 1.08, na unarudi kuwa yule wa kwenye kioo. Lenzi kuu ya simu ni pana, inamshawishi mpigaji asogee sana ili uso ujae. Basi arudi nyuma hatua mbili, halafu abonyeze 2x au 3x kama simu inazo. Hata akiwa na kamera ya thamani, akisogea sentimita 30 pua itakua vilevile.

Ile modi inayotia ukungu nyuma ya mtu mnaweza kuitumia, lakini chungulieni kingo za nywele, mtandio na miwani. Simu hukisia mtu anaishia wapi, na mara nyingine hukata kipande cha sikio. Kamera yenye tundu pana haikisii, ukungu wake unatoka kwenye lenzi yenyewe. Wakikupiga picha itakayotundikwa ukutani, bibi, waambie wasafishe ile isiyo na ukungu wa kukisia. Utaonekana wewe na chumba chako.

Mwalimu, shikamoo. Nimepiga picha za sherehe kwa simu mwaka mzima na watu wamependa. Sasa wameanza kuniita kwa malipo. Nimeonyeshwa kamera iliyotumika. Niangalie nini nisije nikalia?
*Kijana wa Sherehe*

Marahaba, na hongera. Mtu anapokulipa kwa siku isiyorudiwa, kamera ina sababu ya kuwapo, na ya kwanza sio ubora wa picha. Ni usalama wake. Kamera zenye nafasi mbili za kadi zinaweza kuandika kila picha mara mbili kwa pamoja. Kadi moja ikifa, ndoa ya watu haijapotea. Simu haikupi hilo, na simu hiyohiyo itaita, itajaa, na betri yake unaitegemea kwa usafiri wa kurudi.

Ukienda kuikagua, nenda na tochi na kadi yako. Mulika lenzi kwa ubavu na utazame ndani: ukiona nyuzi nyembamba kama utando, huo ni ukungu wa fangasi, iache hata wakikupunguzia nusu ya bei. Vumbi kidogo si neno. Kisha weka tundu la f/16, piga picha ya ukuta mweupe ukiwa umeutoa kwenye fokasi, uivute kwenye kioo. Madoa meusi yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine yapo kwenye sensa. Mengi husafishika, mikwaruzo haisafishiki. Uliza shata imepigwa mara ngapi, maana shata ya chuma huchakaa na kila modeli ina makadirio yake. Piga mfululizo picha nyingi na usikilize kama inakwama. Jaribu fokasi kwa lenzi zaidi ya moja, jaribu flashi kwenye kiatu chake, ile sehemu ya kuichomekea juu ya kamera, tazama betri kama imevimba.

Utaambiwa ununue ya kisasa isiyo na kioo cha ndani. Ni kweli soko limehamia huko, Canon na Nikon walileta zao za fremu kamili mwaka 2018. Lakini ndiyo sababu zile za kioo zinauzwa rahisi sasa, pamoja na lenzi zake, na sherehe haijui tofauti. Kama fedha ni za kamera ya kisasa bila lenzi nzuri, au ya zamani na lenzi nzuri, chukua ya pili.

Sherehe mbili za kwanza nenda na simu yako pia, na uipe kazi: ukumbi mzima kabla watu hawajaingia, mapambo, vipande vifupi vya video. Kamera iache kwa nyuso. Usiku huohuo nakili kadi zote sehemu mbili tofauti kabla hujafuta chochote, na betri zianze kuchajiwa kabla hujalala.